Shahidi wa Wakiuru

Kitambaa cha zambarau kilikuwa kimebaki mita nne tu, na watu wawili walikuwa wamekishika, mmoja kila upande.

"Mimi ndio nilishika kwanza," alisema mwanamke.

"Ulishika, lakini mimi niliuliza bei," alijibu mwanamume. "Kuuliza bei ni mbele ya kushika."

"Ati nini? Hiyo sheria ulisomea wapi?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi mjini Nyeri, na duka la Dhiren lilikuwa limejaa walimu wanaotafuta sare na akina mama wa kanisa wanaopapasa vitenge wasivyokusudia kununua. Dhiren, mzee wa miwani aliyezaliwa kwenye ghorofa ya juu ya duka hilohilo na kuongea Kikuyu kama mtu wa Tetu, aligonga meza kwa makasi.

"Sikieni, watoto wangu. Nikate katikati, ama muoane mchukue yote. Nyuma yenu kuna laini."

Duka zima likacheka. Mwanamke hakucheka. Alikuwa na sketi ya bluu iliyopigwa pasi vizuri na sweta ya rangi ya maziwa, na kwenye kifua cha sweta alikuwa amechomeka sindano tatu zenye uzi, kama fundi wa nguo anayetoka nje mara moja tu. Mwanamume alivaa jaketi la ngozi lililochakaa viwikoni na buti zenye tope.

"Unataka ya nini?" mwanamume aliuliza.

"Skafu. Niko na skauti kumi na wawili hapo Gatitu, na Askofu anakuja wiki ijayo."

Mwanamume akaachilia kitambaa. "Wewe ni kiongozi wa skauti? Mimi pia. Parokia yetu ni Chaka." Akanyoosha mkono wa kushoto.

Mama mmoja aliyekuwa karibu aliguna, akidhani ni matusi. Lakini skauti dunia nzima husalimiana kwa mkono wa kushoto, na mwanamke akaupokea. Mkono wake ulikuwa na joto, na ncha ya kidole cha shahada ilikuwa ngumu kwa kusukuma sindano.

"Naitwa Wakiuru."

"Gatimu. Niko na duka la dawa za mifugo pale Chaka. Sasa, Wakiuru, tusikate hii kitu. Nalipa yote, wewe unanishonea na zangu kumi na mbili."

"Mita nne haiwezi toa skafu ishirini na nne."

"Shona ndogo. Watoto wa Chaka wako na shingo nyembamba."

Hapo ndipo Wakiuru alipocheka, na Gatimu akajua kwamba siku hiyo hatarudi Chaka mapema.

Hiyo ilikuwa Februari. Kufikia Mei, Gatimu alikuwa anapiga simu mara nne kwa siku. Asubuhi alimwambia Wakiuru kama mlima unaonekana au umejifunika, maana Chaka mlima uko machoni kabisa. Saa nne alimuuliza kama amekunywa chai. Wakiuru aliipenda sauti yake nzito, na alipenda kwamba huyu ni mtu asiyejua kudanganya hata kidogo. Lakini Gatimu alikuwa na kasoro yake, na kasoro hiyo haikuchukua muda kujitokeza.

"Nani huyo anacheka hapo?" Gatimu aliuliza siku moja kwenye simu.

"Mteja."

"Mteja mwanaume?"

"Anashonesha suruali, Gatimu. Kwani nimpime kwa barua?"

"Lazima acheke akipimwa?"

"Nimemtekenya, bebi. Ndivyo tunapima kiuno Gatitu. Kata simu, nina kazi."

Alisema kwa utani, na Gatimu akacheka. Lakini simu ilipokatika, Gatimu alimuuzia mzee mmoja wa Mweiga dawa ya minyoo ya mbuzi badala ya dawa ya kupe. Kichwa chake kilikuwa kimebaki Gatitu, kikihesabu inchi za kiuno cha mtu asiyemjua.

Mwezi wa Julai Wakiuru alimfungulia moyo. Walikuwa wamekaa kwenye mkahawa karibu na soko la Nyeri, mvua nyembamba ikipiga kioo, chapati na ndengu mbele yao.

"Mkutano wa viongozi wa skauti wa Kikatoliki wa nchi nzima unafanyika hapa Nyeri, mwezi wa nane," alisema. "Wanachagua mkufunzi wa kitaifa wa wasichana. Nataka hiyo nafasi."

"Chukua. Nani atakukataza?"

"Si rahisi hivyo. Miaka sita nimefundisha wasichana kupiga hema, kuwasha moto wa kuni mbichi, kusema hapana na watu wasikie. Nataka kufika Turkana, nifike Lamu, nifundishe wanaofundisha. Lakini sheria inasema kiongozi mmoja wa jimbo lako asimame mbele ya mkutano wote, aseme, 'Mimi ni shahidi wake.' Asiposimama mtu, jina linafutwa. Na awe ametumika miaka miwili."

"Si uko na Warigia, kiongozi mwenzetu?"

"Warigia ana mwaka mmoja tu wa uongozi. Jimbo letu linatoa watu watatu tu: mimi, Warigia na wewe." Akamshika kidole kidogo. "Mpenzi, ni wewe tu."

"Nitasimama," Gatimu alisema. "Hata nikiwa na mguu mmoja nitasimama."

Mkutano ulianza Jumatano, katika kituo cha mafungo cha kanisa nje kidogo ya mji. Ukungu wa Agosti ulikaa kwenye nyasi hadi saa tano. Watu wa Mombasa walishuka kwenye basi wamejifunga mablanketi, wakiuliza kama hapa bado ni Kenya.

Kwa kuwa Nyeri ndio wenyeji, Gatimu aliwekwa kwenye meza ya kuandikisha wageni, na pia akapewa mchezo wa malaika ausimamie. Vijana wa Kikatoliki wanaujua mchezo huo. Kila mtu anaokota karatasi yenye jina la mwenzake, na kwa siku zote za mkutano anakuwa malaika wake wa siri: anamwombea na kumtendea mema madogo bila kujulikana. Siku ya mwisho baada ya misa, kila malaika anajitaja. Kabla ya hapo ni mwiko kusema, na jina ukishaliokota hulirudishi, hata kama mtu huyo humpendi. Padre Kingori, mlezi wa mkutano, alikuwa ameagiza kwamba wanawake waokote majina ya wanawake kutoka beseni la njano na wanaume ya wanaume kutoka beseni la bluu, ili kusiwe na maneno.

Gatimu aliandika majina kwa mkono wake mwenyewe, akitupa kila karatasi kwenye beseni lake. Kisha basi la Kitui likafika.

Akashuka Musyimi. Alikuwa mrefu, kaptura ya skauti imepigwa pasi hadi ukingo wake ungeweza kukata mkate, soksi zimevutwa mpaka magotini, meno meupe. Wakiuru, aliyekuwa akiwapokea wageni, alimpa mkono wa kushoto, na Musyimi akasema jambo lililomfanya acheke mpaka akashika tumbo.

Gatimu aliandika "Musyimi, Kitui" huku macho yake yakiwa kwenye tumbo hilo. Karatasi akaitupa bila kutazama. Ilianguka kwenye beseni la njano, la wanawake. Yeye hakujua, na dakika ishirini baadaye Wakiuru akaiokota.

Wakiuru aliisoma mara mbili. Alidhani labda Padre amebadilisha mpango na kuchanganya watu. Jina ni jina, akasema moyoni, akaikunja na kuiweka ndani ya kiatu, chini ya unyayo.

Alhamisi asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Gatimu alimwona akitoka jikoni na jagi la maji ya moto, akielekea upande wa mabweni ya wanaume.

"Unapeleka wapi hiyo maji?"

Wakiuru alishtuka kama mtu aliyekamatwa. "Umeamka mapema, switi."

"Nimeuliza maji."

"Siwezi kukuambia." Akatabasamu, akiamini Gatimu ameelewa. "Ngoja mpaka Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

"Nimeahidi. Na wewe ni skauti, unajua ahadi ni nini."

Akapita. Gatimu alisimama pale kwenye baridi. Neno "malaika" lilimjia kichwani, lakini alilifukuza mara moja: wanawake wameokota wanawake, mabeseni aliyashika yeye mwenyewe. Basi mwanamke anayempelekea mwanamume maji ya kuoga hachezi. Alimfuata kwa mbali, akaona jagi likiachwa mlangoni, mlango ukigongwa mara mbili, na Wakiuru akikimbia akiwa ameziba mdomo kwa kicheko. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Musyimi, kifua wazi, taulo shingoni.

Siku hiyo uji wake aliumwaga nyasini.

Mtu mwenye wivu hatafuti ukweli, anatafuta ushahidi, na ushahidi haukosekani. Adhuhuri alimwona Wakiuru akishona kifungo kwenye shati la kaki la kiume, amejificha nyuma ya grotto, lile pango la sanamu ya Mama Maria. Jioni shati hilo lilikuwa mgongoni mwa Musyimi. Ijumaa wakati wa mafunzo ya mafundo ya kamba alimwona akitia ndizi mbivu mbili kwenye mfuko wa mtu, na mfuko uliandikwa Kitui. Na wakati wa chakula Musyimi alijisifu bila aibu.

"Haki hapa Nyeri mgeni anatunzwa! Maji moto asubuhi, kifungo kimeshonwa. Nikirudi Kitui mke atanishangaa, ati nimenenepa."

"Uko na mke?" Gatimu aliuliza.

"Niko na mke na watoto wawili, ndugu yangu. Kwani?"

"Hakuna."

Mtu mwingine angetulia. Kwa Gatimu ilikuwa kama kumwagia moto petroli. Sasa aliona si mapenzi tu, ni mapenzi ya wizi.

Usiku huo huo alimtumia Wakiuru ujumbe kwenye simu: "Musyimi ni mume wa mtu."

Jibu likaja na alama za kicheko: "Najua. Amenionyesha picha za watoto, wazuri sana. Lala, kesho unanisimamia. Nimepiga pasi ile nguo yangu unayoipenda."

Aliusoma ujumbe huo mpaka simu ikamzimikia mkononi.

Jumamosi saa nne ukumbi ulijaa. Wakiuru alikaa mbele, amevaa gauni la kijani kibichi alilojishonea, kola nyeupe, na skafu ya zambarau shingoni. Wagombea walikuwa wawili, yeye na mwalimu mmoja wa Bungoma. Shahidi wa Bungoma alisimama, akasema maneno yake, akapigiwa makofi.

"Wakiuru, Jimbo la Nyeri," Padre Kingori aliita. "Shahidi wake ni nani?"

Gatimu alikuwa safu ya sita. Alikuwa ameamka na nia ya kusimama, na hilo ni kweli. Lakini wakati ule ule Musyimi, aliyekaa nyuma ya Wakiuru, aliinama akamnong'oneza kitu, na Wakiuru akageuka akatabasamu.

Gatimu akabaki ameketi.

"Shahidi wa Wakiuru," Padre alirudia.

Wakiuru aligeuka. Alimtafuta kwa macho, akampata, akamwinulia nyusi kama kumwambia, amka wewe, umelala. Gatimu akatazama buti zake. Warigia, kando yake, akampiga kiwiko.

"Gatimu! Simama!"

"Asimamiwe na Kitui."

"Umerogwa?"

"Mara ya tatu na ya mwisho," alisema Padre, na sauti yake ilionyesha kwamba halifurahii jambo hilo. Sufuria za jikoni zilisikika hadi ukumbini. Kisha kalamu yake ikapita juu ya jina la Wakiuru. Mwalimu wa Bungoma akapita bila kupingwa, kwa miaka mitatu.

Wakiuru hakulia mbele za watu. Alipiga makofi na kumkumbatia mwenzake. Alimkuta Gatimu kwenye bomba la maji nyuma ya jikoni.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"La."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Uliza huyo Mkamba wako wa maji ya moto."

Wakiuru alimtazama. Taratibu uso wake ukaelewa, na kuelewa kulikuwa kubaya kuliko kutoelewa.

"Ni hiyo? Umefuta miaka sita yangu kwa sababu ya jagi?"

"Jagi, kifungo, ndizi! Nimeona yote. Niambie basi. Sema ni nini!"

Angeweza kusema. Maneno manne tu yangetosha.

"Nilisema Jumapili," alimjibu. "Mimi nikisema neno, nalishika. Wewe ulisema utasimama hata na mguu mmoja."

Jumapili baada ya misa, malaika walianza kujitaja. Kulikuwa na vifijo na kukumbatiana. Zamu ya Wakiuru ilipofika alipiga hatua kuelekea upande wa wanaume, na ukumbi ukanguruma. Akampa Musyimi karatasi iliyokunjika kwa kukanyagwa siku nne.

"Ni wewe?" Musyimi akaruka. "Ulishona kifungo? Mimi nimemshukuru yule baba wa Marsabit tangu Alhamisi, nikidhani ndiye malaika wangu! Amenishangaa mpaka akaanza kunikimbia!"

Watu walicheka mpaka madawati yakalia. Padre Kingori alichukua karatasi, akaigeuza. "Hii ilitoka beseni la njano? Nani aliandika haya majina?"

Gatimu hakuhitaji kuiona. Alijua mwandiko wake, ile M inayolala kama ng'ombe mzazi. Akasimama.

"Ni mimi, Padre. Niliandika, nikatupa vibaya kwa sababu nilikuwa namtazama yeye akicheka." Akaugeukia ukumbi. "Na jana sikusimama kwa sababu ya wivu. Wakiuru anastahili ile nafasi. Naomba mrudie."

"Orodha ilishatumwa Nairobi, kijana," Padre alisema polepole. "Na yule mwalimu hana kosa. Kaa chini."

Akakaa. Hakuna aliyecheka tena, hata Musyimi.

Gatimu alimkuta Wakiuru akifunga mablanketi kando ya lango, ile sweta ya rangi ya maziwa imefungwa hadi shingoni. Alipiga goti moja kwenye kokoto, mbele ya watu wa Mombasa waliokuwa wakipanda basi.

"Wakiuru, nioe. Yaani, nikuoe. Nitakutunza maisha yote."

"Simama, unachafua suruali."

"Sema ndiyo."

"Hiyo si posa, Gatimu. Hiyo ni faini. Umevunja kitu ya mtu, sasa unatafuta ya kulipa." Akabeba mzigo wake. "Mimi si ofisi ya chifu. Na usinipigie simu."

Alipiga, bila shaka. Mara tisa wiki ya kwanza, mara tano ya pili. Mwezi wa Septemba aliacha kupiga, akaanza kuandika ujumbe mmoja kila Jumatatu, bila kuomba jibu. "Mlima unaonekana leo." "Mlima umejifunika." "Nimeambia skauti wangu kwa nini Nyeri haina mkufunzi. Mmoja ameniuliza kama mimi ni mjinga, nikasema ndiyo."

Wakiuru aliusoma huo wa mwisho akiwa kwenye cherehani, akavunja sindano.

Mwishoni mwa Novemba simu ya Gatimu ililia. Alikuwa anapima unga wa ng'ombe. Akaacha kopo ndani ya gunia.

"Wakiuru?"

"Sikia, usiongee. Musyimi ana kambi ya wasichana Kitui, Desemba. Wiki moja. Ameniomba nikafundishe. Naenda."

Gatimu alichomoa kopo guniani, akalirudisha.

"Gatimu?"

"Umesema nisiongee."

"Sasa ongea. Unasikia nini tumboni? Usinidanganye, hujui kudanganya."

"Wivu," alisema. "Mbaya sana. Nasikia kama nimemeza kiberiti."

"Na?"

"Na ni yangu, si yako. Wewe nenda ukafundishe." Akavuta pumzi. "Uko na hema nzuri? Yetu ya Chaka haivuji. Nikuletee."

Upande wa pili kulisikika sauti ya mtu anayepenga kamasi.

"Lete," Wakiuru alisema.

Jumatatu ya safari, pikapu ya parokia ilisimama mbele ya kanisa la Gatitu injini ikinguruma. Gatimu alikuwa ameleta hema, mifuko ya kulalia na chupa ya chai ya maziwa ya Mweiga. Wakiuru alivaa suruali ya kaki, fulana nyeusi na kofia ya skauti iliyoinama upande mmoja, na alikuwa mrembo kiasi cha kumuumiza mtu. Musyimi alipiga simu kuuliza wamefika wapi. Wakiuru akaweka sauti ya nje makusudi, akimtazama Gatimu usoni. Gatimu alifunga kamba ya hema kwa nguvu kuliko inavyohitajika, lakini hakusema kitu, na simu ilipokatika akauliza tu kama Kitui kuna mbu.

"Nimekuwa nasoma sheria za mkutano," Wakiuru alisema akipanda mbele. "Zote, kutoka mwanzo. Miaka mitatu ikiisha nagombea tena."

"Nitasimama. Wakiuru, naapa, safari hii..."

"Hutasimama. Nimeshaongea na Warigia. Yeye ndiye atakuwa shahidi wangu."

Ilimwingia kama mwiba. Aliona anastahili, akaitikia kwa kichwa. "Ni sawa. Sikulaumu."

"Hujaniuliza kwa nini."

"Najua kwa nini. Sina haki tena."

"Hujui." Alirekebisha kofia kwenye kioo cha pembeni, asimtazame. "Kifungu cha kumi na moja kinasema shahidi hawezi kuwa mume wa mgombea."

Dereva alikuwa ameelewa tayari, na alikuwa anacheka ndani ya kola ya koti. Gatimu alibaki ameshika mlango wa pikapu, mdomo wazi, akirudia sentensi ile kichwani neno kwa neno kama mtu anayesoma maagizo kwenye chupa ya dawa.

"Wakiuru, unasema..."

"Achilia mlango, baba. Tunachelewa. Na ambia wazee wenu waje na posa, Gatitu hakuna umbwa mkali."